Gobore liligoma, kulungu akatoweka: jibu kwa mwindaji wa Lewiston

Swali: *Mimi ni Mkongo wa Fizi, sasa naishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Desemba iliyopita rafiki wa kazini alinichukua kuwinda kulungu katika msimu wa gobore. Siku ya kwanza kulungu alisimama mbele yangu, nikafyatua, fataki ikalia "ta", baruti haikuwaka. Na bunduki ilikuwa imelala usiku kucha karibu na jiko la kuni ili ikauke vizuri! Siku iliyofuata nilikuta nyayo kubwa kwenye theluji, nikazifuata toka asubuhi hadi giza bila kupumzika. Nilichoona ni mkia mweupe tu, mara mbili, ukipotelea msituni. Babu yangu aliwinda kwa gobore maisha yake yote na hakuhangaika hivi. Ninakosea wapi?*

Jibu: Ndugu yangu, makosa yote mawili yamo ndani ya barua yako. Jiko ndilo lililoiua baruti, na kule kutopumzika ndiko kulikomwokoa kulungu. Nimekulia mkoa wa Tabora, ambako gobore si kitu cha kusimuliwa, na sasa nafundisha usalama wa uwindaji huku huku New England, kanda ya kaskazini-mashariki ya Marekani ambamo Maine imo. Wageni kutoka kwetu nawaona wakikwama palepale ulipokwama wewe, na karibu wote ni watu wanaojua msitu. Wanachokuwa hawajakijua ni baridi.

Nianze na bunduki, maana hiyo inaponyeka upesi. Chuma kilichoshinda nje kwenye baridi kali kikiingia ghafla kwenye nyumba yenye joto, mvuke wa hewani unakikalia na kugeuka maji. Nje ya mtutu unayaona, unayafuta. Ndani huyaoni, na ndiko baruti iliko. Kuna na mafuta pia: kama ulilisimamisha gobore mdomo juu, joto la jiko liliyalainisha mafuta ya mtutu yakateremka taratibu mpaka kwenye baruti na kwenye kile kitundu kinachopitisha moto wa fataki. Fataki yako ililia kwa sababu yenyewe ilikuwa kavu. Moto wake haukupata pa kupita, au ulipita ukakuta baruti imelowa. Na kama bunduki ilikuwa imeshindiliwa usiku ule, nakuomba sana usirudie tena kuiweka karibu na moto, hata kama fataki umeitoa.

Dawa yake ni kuiacha bunduki kwenye baridi muda wote wa safari yenu. Ikae mahali pasipo joto na penye kufuli, kama ghala la nje au gereji, pasipofikiwa na watoto. Mimi hupendelea kuitoa risasi na baruti kila jioni na kushindilia upya asubuhi. Ni kazi ya dakika chache na inakuondolea wasiwasi. Kabla ya kushindilia, pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu mara kadhaa, kisha kingine chenye spiriti kidogo, kisha kikavu tena. Halafu fanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi. Hakikisha bunduki ni tupu kabisa, uelekeze mdomo wa mtutu chini karibu na theluji laini, uweke fataki peke yake, ufyatue. Theluji ikiruka, njia iko wazi. Isiporuka, kuna mafuta au uchafu, na ni heri umeligundua hilo hapo kambini kuliko mbele ya kulungu. Rudia na fataki ya pili, pitisha kitambaa kuondoa masizi, ndipo ushindilie.

Baruti ipimwe kwa kipimo chake, usiimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe au chupa, kwa sababu cheche iliyobaki ndani ya mtutu itaifuata mpaka mkononi mwako. Tumia baruti nyeusi, au zile mbadala wake kama Pyrodex na Triple Seven, kwa kiasi alichoandika mtengenezaji wa bunduki. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi, ile ya ndani ya risasi za kawaida, inaweza kuupasua mtutu wa gobore na kukuua. Risasi ishindiliwe mpaka ikalie baruti barabara, isibaki nafasi katikati. Weka alama kwenye mdeki, ile fimbo ya kushindilia, ukiwa na uhakika risasi imefika chini, na kila mara utazame alama hiyo ifikie mdomo wa mtutu. Ukimaliza, bandika kipande cha utepe juu ya mdomo wa mtutu ili theluji isiingie. Huna haja ya kuutoa kabla ya kupiga, hewa inayotangulizwa na risasi inaupasua. Ukifyatua fataki ikalia bila mlipuko, usiiteremshe bunduki. Iache imeelekea upande salama kwa dakika nzima, kwani moto wakati mwingine unatambaa polepole kisha unafika.

Hujasema ni gobore la namna gani. Kama linapiga gololi ya risasi iliyofungwa kitambaa, mtindo wa zamani, mimi nisingemjaribu kulungu aliye zaidi ya mita 70. Gololi hupoteza nguvu haraka sana. Magobore ya kisasa yenye risasi ndefu na darubini yanafika mbali zaidi, ila ndani ya misitu ya Maine utapata wapi nafasi ya kuona hata hizo mita 70?

Sasa nyayo, na hapa nitakaa.

Babu yako huko Fizi alisoma jani lililokunjwa, umande uliopanguswa, tope lililogeuzwa rangi. Theluji inakupa kuliko hayo yote, na ndipo inapompumbaza mtu. Kila kitu kimeandikwa chini, basi unainamisha kichwa ukisoma, unasahau kwamba unayemtafuta yuko mbele na amegeuza uso kuangalia njia aliyopita. Wewe ulimwona mkia. Yeye alikuwa amekuona mzima mzima kitambo.

Jambo la kwanza la kujua ni umri wa unyayo. Ukubwa uje baadaye. Piga goti, vua glavu, gusa. Kulungu akikanyaga theluji laini hurusha chembechembe mbele ya kwato. Zikiwa bado zimelegea, zinapeperuka ukizipulizia, ni za karibuni. Zikiwa zimeshikamana na ganda la juu, ni za zamani. Ingiza kidole kwenye ukuta wa unyayo: theluji iliyokandamizwa hujifunga na kuwa ngumu kadiri saa zinavyopita. Kisha gandamiza ngumi yako pembeni uone kingo mpya zilivyo kali, ulinganishe. Sindano za msonobari zilizoangukia ndani ya unyayo, au vumbi la theluji lililopeperushwa na upepo likatanda humo, vinakueleza nini kimetokea tangu apite. Na muhimu kuliko vyote, jua theluji iliacha kuanguka saa ngapi. Kama iliacha alfajiri, basi kila unyayo ulio safi umekanyagwa baada ya alfajiri, hauhitaji mganga.

Nyayo zako "kubwa" zinanitia shaka kidogo. Jua likipiga hata kwa saa mbili, kingo huyeyuka na unyayo wa jike unapanuka kuwa wa dume. Ndiyo maana siamini urefu wa kwato peke yake. Naangalia upana kati ya mguu wa kulia na wa kushoto, kwani dume mzito ana kifua kipana na anatembea akitanua. Kwenye theluji ya vidole vitatu tu, dume huburuza miguu na kuacha mistari, jike huinua. Alama za vikwato vidogo vya nyuma zinazama sana chini ya mnyama mzito. Mkojo nao husema: jike huchutama akakojoa mahali pamoja, dume mara nyingi hudondosha huku akitembea. Akiinama kula, ncha za pembe zinaweza kuchoma theluji pande mbili za pua, na hapo huna la kujiuliza tena. Hili lina uzito wa kisheria kwako, maana bila kibali cha kupiga jike unaruhusiwa dume tu, mwenye pembe ya inchi 3 au zaidi.

Ukishampata dume wa leo, mfuate kwa miendo miwili, na kujua wakati wa kubadilisha ndiyo kazi yenyewe. Nyayo zikienda moja kwa moja, hatua ndefu, hazigusi chakula, huyo yuko safarini. Nenda upesi, hata mwendo wa kukaribia kukimbia, kwa sababu ukizubaa hutamfikia. Larry Benoit wa Vermont na wanawe walipata umaarufu Marekani nzima kwa uwindaji huu wa kumfuata dume mmoja kwenye theluji, na ukifuatilia habari zao utaona walikuwa watu wa miguu kwanza, wa bunduki baadaye.

Kisha nyayo zinabadilika. Zinaanza kupinda, hatua zinafupika, hapa ametafuna ncha ya tawi la mwerezi, pale amefukua mbegu za mwaloni, ameacha kinyesi, ameanza kupanda kilima kidogo au ameelekea kwenye misonobari iliyosongamana. Ndugu yangu, hapo ndipo ungepumzika. Amekaribia kulala, na pengine ameshalala. Kulungu wa huku hupenda kuzunguka kidogo kabla ya kulala, akajiweka mahali anapoiona njia yake mwenyewe, upepo ukimletea harufu ya kila anayemfuata. Ukiendelea kukanyaga juu ya nyayo zake kwa mwendo ule wa asubuhi, unamwendea usoni.

Toka kwenye nyayo. Pita pembeni, upande ambao upepo unakupiga wewe usoni, uzione kwa mbali tu. Hatua moja, simama. Tazama kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inafaa, kisha hatua nyingine. Na usitafute kulungu mzima. Msitu umejaa mistari iliyosimama. Tafuta mstari uliolala, ule wa mgongo. Tafuta sikio linalopepea, pua nyeusi, kipande cha mguu chini ya tawi. Nimeona mwanafunzi akitazama kichaka kwa dakika kadhaa, amekata tamaa, anataka kupiga hatua, ndipo kisiki alichokuwa anakiangalia kikapepesa jicho.

Ukimkurupusha, theluji itakuonyesha: nyayo nne pamoja, nafasi kubwa, nyayo nne pamoja. Nenda mpaka mahali alipolala uone. Kama chini ni maji maji na bado hapajaganda, ametoka sasa hivi. Wawindaji hubishana hapa. Wapo wanaosema mkimbize papo hapo, mpaka achoke na kufanya kosa. Kwa mwenye bunduki ya risasi nyingi huenda ni sawa. Kwa mwenye gobore mimi nasema kaa chini nusu saa, unywe chai yako, umwache aone kwamba hafuatwi. Ukiinuka kumfuata tena, nyayo zitakusimulia: baada ya mruko alirudi kutembea, na baada ya kutembea akaanza kusimama na kugeuka nyuma, na kila aliposimama theluji imekandamizwa kwa kuhamisha uzito wa miguu. Hesabu vituo hivyo. Vikianza kupungua, ametulia.

Kumbuka pia Desemba ni mwezi wa namna gani kwake. Kilele cha kupandana ni katikati ya Novemba. Dume ameshakonda, amemaliza akiba yake ya mafuta, na baridi ndiyo kwanza inaanza. Anatafuta chakula na mahali pa kujikinga. Theluji ikizidi kina, kulungu hujikusanya kwenye mabonde yenye misonobari na mierezi, ambako matawi huipunguza theluji inayofika chini. Kwa hiyo kama hukupata unyayo mpya, nenda kwenye chakula, usizunguke ovyo. Na siku theluji imeyeyuka ikaganda tena, ikawa na ganda linalovunjika kama vigae kila ukikanyaga, acha kabisa kufuata nyayo. Kaa mahali pamoja karibu na njia yao ya kwenda kula, uwangoje.

Ukipiga, utaona moshi mweupe na hutaona kitu kingine. Ndiyo hali ya gobore. Kabla hujafyatua, kariri mti aliosimama karibu nao. Baada ya mlio sikiliza alikoelekea, na usitoke hapo ulipo mpaka umeshindilia tena. Watu hukimbia na bunduki tupu, wakamkuta amelala na kichwa amekiinua, wakabaki wanatazamana. Ukishashindilia, nenda kwenye ule mti. Tafuta manyoya, tafuta damu. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu, utamkuta karibu. Mpe nusu saa. Damu nyeusi nzito ni ini, mpe saa kadhaa. Ukiona majimaji ya kijani au kahawia yenye harufu ya tumbo, mpe muda zaidi ya hapo, la sivyo utamsukuma aende mbali akafie pasipojulikana. Kama theluji inaanguka na kufunika damu, muda huo huna. Fuata polepole, ukitangulia kwa macho. Damu juu ya theluji huenea na kuonekana nyingi kuliko ilivyo, kwa hiyo usijipe moyo kwa wingi wake. Na hata usipoona tone, fuata nyayo mita mia kadhaa kabla ya kusema umekosa. Mnyama anatudai heshima hiyo.

Uliandika "hadi giza", na hilo lilinitia hofu kuliko fataki. Mwanzoni mwa Desemba jua la Maine linazama saa kumi na dakika chache jioni, na uwindaji unakoma kisheria nusu saa baada ya hapo. Baada ya saa saba mchana, kila hatua ya kwenda mbele ihesabu mara mbili. Usitegemee kurudi kwa nyayo zako mwenyewe. Upepo wa nusu saa unazifuta. Chukua dira na ramani hata kama una simu, kwani baridi hunyonya betri. Vaa sufu, acha pamba nyumbani, pamba ikilowa jasho inakugandisha. Kulungu akivuka bwawa lililotengenezwa na biva, yule mnyama anayeziba vijito kwa matawi, wewe zunguka. Barafu ya Desemba inambeba yeye, haikubebi wewe. Na mwachie mtu nyumbani maelezo ya eneo mtakalokuwa.

Sheria nitazipitia haraka, na kijitabu cha idara ya wanyamapori ya Maine cha mwaka husika ndicho cha kufuata. Mbali na leseni ya wanyama wakubwa unahitaji kibali cha gobore. Kofia ya rangi ya chungwa inayong'aa na kizibao cha rangi hiyohiyo ni lazima. Usipige ndani ya yadi 100 za nyumba ya mtu bila ruhusa. Mti uliopakwa rangi ya zambarau maana yake mwenye ardhi anataka kuombwa ruhusa kwanza. Jumapili hakuna kuwinda. Mwaka 2021 wapiga kura wa Maine waliingiza haki ya chakula kwenye katiba yao, wapo waliofungua kesi wakisema haki hiyo inafungua Jumapili, na Machi 2024 mahakama kuu ya jimbo ikasema marufuku inabaki. Ndani ya gari gobore lisiwe na fataki.

Kuna jambo hukuuliza, ila wapo ndugu zetu wengi Lewiston na Portland watakaosoma hapa. Sheria ya shirikisho inawakataza kushika silaha watu wasio na hadhi halali ya kuishi nchini, na pia wengi wenye viza za muda, japo hao wa viza wana nafuu fulani wakiwa na leseni ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani, au mkimbizi aliyepokelewa rasmi, hayumo kwenye katazo hilo. Lakini wewe unayesubiri jibu la ombi lako la hifadhi, usiguse bunduki ya aina yoyote kabla hujazungumza na mwanasheria wako wa uhamiaji. Ni kweli sheria hiyo inaliweka gobore kwenye kundi la silaha za kale, lisilohesabiwa kwenye katazo. Usijitetee kwa hilo bila mwanasheria. Kulungu wa mwaka huu hawezi kulingana na kesi yako.

Mungu akikujalia ukampata, bandika lebo yenye jina lako na namba ya leseni kabla ya kumsogeza, mtoe matumbo palepale ili nyama ipoe, na umsajili ndani ya saa 18. Dume la Maine linaweza kufika ratili 200 baada ya kutolewa matumbo, karibu kilo 91, kwa hiyo muwe wawili wenye kamba. Najua ini ndilo mtakalotaka kulichoma kwanza jioni ileile. Idara ya huko inashauri watu wasile ini wala figo za kulungu kwa sababu ya kadimiamu, metali yenye sumu, inayojikusanya humo, na tangu Novemba 2021 imetoa onyo la kutokula kabisa kulungu wa eneo la Fairfield, kwa kemikali za viwandani ziitwazo PFAS zilizokutwa kwenye nyama. Uliza mipaka ya eneo hilo ilivyo mwaka huu kabla hamjachagua msitu wa kwenda. Jioni hiyohiyo, kabla hujala, osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, uukaushe, uupake mafuta. Masizi ya baruti nyeusi yakilala humo usiku mmoja, kutu inaanza.